Sauti ya Ngazini

Majira ya baridi ambayo mwanawe alikuwa akisubiri kuzikwa, Marlys Koskela alijifunza kucheza mchezo wa kutisha kwenye simu. Alikuwa amevuka miaka hamsini. Kabla ya hapo simu kwake ilikuwa kitu cha kupigia tu, na cha kuangalia asubuhi kama greda limeshasukuma theluji barabarani.

Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa Michigan, anayefariki baada ya ardhi kuganda hazikwi. Anasomewa ibada, watu wanakunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa, kisha jeneza linapelekwa kwenye kijumba cha mawe kilicho mlangoni mwa makaburi, linafungiwa humo hadi Mei. Familia zinajua hivyo, zimezoea. Mtu anapita na gari lake akienda sokoni, anatazama kile kijumba, anapiga honi kidogo, anaendelea na safari. Marlys hakuwahi kupiga honi. Alikuwa anazunguka njia ya nyuma ili asipite pale.

Tulifanya kazi pamoja kwenye duka la Bernadine Tuominen la pasti, vile vikate vya kuoka vyenye nyama na viazi ndani. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, na Bernadine alinipa kisu cha kumenyea viazi na jina la Profesa. Marlys alikuwa mfinyaji. Pasti isipofinywa vizuri hupasuka ndani ya oveni, mchuzi unamwagika, nyama na viazi vinakauka. Yeye alikuwa akikunja duara la kinyunya juu ya nyama, kisha vidole vyake vinakwenda ukingoni, kunja, finya, kunja, finya, bila kutazama, huku anaongea na mteja aliye upande wa pili wa kaunta. Pindo lilitoka kama kamba iliyosukwa.

Na alikuwa na sauti. Hatukuwa na kengele ya kuwaita watu waliosubiri chakula chao nje kwenye magari. Marlys alikuwa anafungua mlango na kuita jina, na dirisha la gari la mwisho linashuka. Bernadine alizoea kusema, "Huyu mama angekuwa bandarini, meli za Kanada zingekuja kununua pasti bila kutaka." Baada ya Rory kufa ile sauti ilitoweka. Alianza kutoka nje na kugonga vioo vya magari kimoja kimoja, na theluji ikimwangukia kichwani.

Rory alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka kumi na saba, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya rangi ya chungwa inayofunika masikio ambayo hakuivua hata mezani. Baba yake alishahamia Wisconsin na kuanza familia nyingine. Chumba cha Rory kilikuwa chini ya nyumba, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, na huko alishinda yeye na rafiki yake Desmond Beauchamp, wakichora na kutengeneza michezo ya simu. Mapema Desemba, kabla wavuvi hawajapeleka vibanda vyao juu ya barafu, na kila mtu hapa anajua kwamba usipoona vibanda usikanyage, vijana wale wawili walikatiza juu ya ziwa dogo la nyuma ya mji kwa pikipiki zao za theluji. Desmond alitangulia, akavuka. Rory alifuata alama zake. Barafu iliyombeba wa kwanza ilikuwa imeshapata ufa.

"Alimfuata yule," ndivyo Marlys alivyosema. Jina la Desmond hakulitaja tena. Akawa yule, au yule mwingine, au yule aliyevuka.

Simu ya Rory ilizama naye. Kompyuta yake ilikuwa ya shule, ikarudishwa shuleni na kufutwa kama zinavyofutwa zote kabla ya kupewa mwanafunzi mwingine. Wiki chache baada ya ibada, tukiwa tunamenya viazi, Marlys aliniuliza kama najua namna ya kupata sauti ya mtu. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sauti yake," alisema. "Sina hata moja. Nikipiga simu yake naambiwa na mwanamke wa mtambo niache ujumbe. Tangu sauti yake ivunjike na kuwa ya kiume alikuwa hataki kurekodiwa. Ukitoa simu anageuka ukutani. Ninayo ile ya siku ya kuzaliwa alipotimiza miaka kumi, anapuliza mishumaa, ana sauti ya kitoto. Lakini yule niliyemfungia kule kwenye mawe hakuwa na sauti ile."

Nilisema "pole," neno ambalo alikuwa amelisikia hadi limekwisha utamu.

Jibu lililetwa na binti mmoja wa shule aliyekuja kununua pasti mbili. Alipopokea mfuko wake alisimama akisuasua, akasema, "Bi Marlys, sisi shuleni bado tunaucheza mchezo wa Rory. Tumeona tu ujue."

"Mchezo gani?"

Binti yule alitoa simu. Watoto wa siku hizi hawatosheki na mchezo waliopewa. Wanaufungua, wanaingiza wimbo wao na zimwi lao, kisha wanaugawa bure mtandaoni. Rory na Desmond walikuwa wametengeneza wa kwao, unaitwa Panda Juu. Binti aliuweka kwenye simu ya Marlys, akamwonyesha kwa haraka, akakimbilia gari lililokuwa linamsubiri.

Kwenye kioo kulikuwa na chumba cha chini ya nyumba. Kochi, taa moja inayoning'inia, tanuri kwenye kona. Katikati amesimama kijana mwembamba mwenye kofia ya rangi ya chungwa inayofunika masikio. Upande wa pili kuna ngazi, na juu ya ngazi, mwanga ukiwa nyuma yake, limesimama dude jeusi lisilo na macho. Lilikuwa na mdomo tu, mpana kama mlango wa oveni. Ngoma inaanza kupiga. Dude linaimba kwanza, si maneno, ni vipande vya sauti, aa, oo, aa, vimekatwa na kuvutwa kama kinyunya. Kisha ni zamu ya kijana kujibu kwa mdundo ule ule. Mishale inateremka kwenye kioo, na wewe unaigusa mmoja mmoja inapofika chini, sawa na mdundo, bila kuwahi wala kuchelewa. Ukigusa sawasawa, kijana anaimba. Ukikosea, sauti yake inakatika. Mdomo unafunguka na hakuna kinachotoka. Ukikosea mara nyingi, taa inaanza kupepesa na dude linashuka ngazi moja, halafu nyingine, hadi linajaa kioo kizima, linakupigia ukelele usoni, na giza.

Marlys alikosea karibu yote. Lakini kabla ya giza aligusa mishale miwili mitatu sawasawa, na kijana wa kwenye kioo akaimba: oo, ee, oo. Sauti nyembamba, imebanwa, kama mtu anayeimba ndani ya kopo.

Aliweka simu mezani juu ya unga. Akajishika shavu.

"Ni yeye," alisema.

Nani angembishia? Kofia ilikuwa ya Rory, chumba kilikuwa cha Rory, mchezo ulikuwa wa Rory. Mimi pia niliamini.

Tangu siku ile Marlys alicheza kila alipopata nafasi. Alicheza pasti zikiwa kwenye oveni. Alicheza akiwa amekaa kwenye gunia la rutabaga, mizizi tunayochanganya na viazi, na hedfoni masikioni, na hedfoni zilipoharibika alicheza bila hedfoni, kwa hiyo duka lote likawa linasikia ule ukelele wa mwisho. Mzee Waino Lahti, aliyekuwa anakula kwenye meza ya dirishani kila mchana, siku ya kwanza alimwaga kahawa yake.

"Bernadine! Mnachinja nini huko nyuma?"

"Viazi, Waino. Wewe kula."

"Viazi gani vinalia hivyo?"

"Vimesikia wewe ndiye utakayevila."

Watu walicheka, na mimi nikageuka kutazama kama Marlys naye amecheka. Hakuwa amesikia kitu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Niliposogea karibu nilisikia anachosema kila mshale unapompita: "Samahani. Samahani, mwanangu. Samahani."

Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko ukelele. Mchezo ule umetengenezwa hivyo, kwamba kosa la mchezaji ndilo linalomnyamazisha mwimbaji, na watoto wa shule wanaliona ni jambo la kuchekesha. Marlys alikuwa anamnyamazisha mwanawe mara mia kwa siku kwa kidole chake mwenyewe. Usiku mwingine hakulala kabisa. Asubuhi alikuja na macho mekundu na ncha za vidole gumba zimepasuka kwa baridi na kioo. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kwenda kuoga mvuke wa sauna kila Jumamosi kwa dada yake. Alikuwa amejiwekea jambo moja: amsikie Rory akiimba wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukatika, kabla ardhi haijalegea.

"Sitamzika nikiwa sijamsikia," aliniambia. "Nikishamsikia, wachimbe."

Nilijaribu kumsaidia kwa njia niliyoijua. Nilimwambia wako watoto shuleni wanaoweza kuumaliza wimbo ule huku wanatafuna bazoka. Tumwombe mmoja aje dukani acheze, yeye akae asikilize.

Alinitazama kama nimetukana.

"Mwingine akigusa, Rory atakuwa anamjibu huyo mwingine."

"Lakini sauti ni ile ile, Bi Marlys."

"Profesa," alisema taratibu, "wewe una mama?"

"Ninaye."

"Akikuita, unamwitikia yeye au unawaitikia watu wote?"

Nikarudi kwenye viazi vyangu.

Bernadine alivumilia hadi Machi. Siku moja sinia zima la pasti liliungua kwa sababu Marlys alikuwa kwenye gunia lake hasikii kengele ya oveni. Bernadine alilitoa, akalitupa kwenye sinki, moshi ukatanda hadi mbele kwa wateja.

"Marlys, mpenzi wangu, sikiliza. Mimi nilimzika mume wangu Eino. Najua. Lakini Rory hayumo humo ndani ya simu."

"Yumo."

"Humo mna zimwi tu, linakutoa roho."

"Ilishatoka, Bernadine. Linatoa nini sasa?"

Bernadine alichukua kitambaa akaanza kufuta sinki ambalo halikuhitaji kufutwa. Tangu hapo alinipa mimi kazi ya kuangalia oveni.

Aprili theluji ikaanza kuwa nzito na kijivu. Mchungaji alipiga simu dukani kumwambia Marlys kwamba wachimbaji wamepima ardhi, na wanafikiri wiki ya pili ya Mei. Alisema "ndiyo, mchungaji," akakata, akakaa na simu mkononi bila kuifungua. Alikuwa amefika mbali kwenye wimbo kuliko mwanzo. Sehemu ya katikati, ambapo mishale inashuka kama mvua ya mawe, ilikuwa inamshinda kila mara. Macho yake hayakuwahi. Akiona mshale, umeshapita.

Siku hiyo hiyo mchana tulikuwa na oda kubwa ya msiba. Marlys alisimama mezani akifinya, na simu ameiegemeza kwenye chupa ya siki, imefika kwenye ile sehemu ambapo dude linaimba na mchezaji anasikiliza. Dude likaimba kifungu chake kirefu. Vidole vya Marlys, bila yeye kuviambia, vikakifinya chote kwenye pindo la pasti. Kunja, finya, kunja, finya-finya, kunja. Akasita. Akalitazama pindo. Lilikuwa na mikunjo mikubwa na midogo, mibovu kabisa, pasti ambayo Bernadine asingeiuza, lakini ulikuwa wimbo.

Kuanzia hapo aliacha kutazama mishale. Alisikiliza dude, akaujua wimbo wake kifungu kwa kifungu, akaufinya kwenye kinyunya kilichobaki kila jioni, na alipokuja kwenye kioo alifumba macho nusu na kuviacha vidole viende. Kijana wa kwenye kioo alianza kuimba mistari mizima. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba nilimwona akila akiwa amekaa. Alikuwa akiniita, "Njoo usikie, njoo, hapa hapa, sikia anavyopandisha." Nami nilisikia ile sauti nyembamba ya kopo ikipanda, na nikamwambia ni nzuri.

Aliumaliza siku ya Alhamisi mchana, duka likiwa karibu tupu. Mzee Waino alikuwepo, na Bernadine alikuwa anahesabu mifuko. Nilijua kwamba safari hii ni kweli kwa sababu hakuwa anaomba samahani. Mabega yake yalikuwa yametulia. Sehemu ya katikati ikapita, yote, mvua ya mawe yote, na kijana hakukatika hata mara moja. Bernadine akaacha mifuko. Nikasogea nyuma ya Marlys.

Mshale wa mwisho ukafika chini, akaugusa. Ngoma ikanyamaza.

Halafu dude la juu ya ngazi likafungua mdomo wake mpana na kwa mara ya kwanza likasema maneno, kwa sauti isiyokatwa wala kuvutwa, sauti kubwa ya mwanamke, ikajaza duka hadi kwenye vioo:

"Rory! Chakula kinapoa!"

"Lahaula," alisema Mzee Waino. Kisha akaanza kucheka. "Marlys! Ni wewe huyo! Nilikuwa najiuliza ile sauti imepotelea wapi!"

Bernadine naye alicheka, kicheko cha kushtuka, akajiziba mdomo.

Kwenye kioo, kijana mwenye kofia alinyoosha mkono akazima taa. Akazielekea ngazi. Akapanda moja moja, polepole, hadi akafika kwenye lile dude na ule mwanga, na kioo kikawa cheupe. Kisha yakatokea maneno: Cheza tena?

Marlys hakugusa kitu. "Mimi sikuwahi kuimba humu, lakini nimo," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Profesa, gari lako lina mafuta?"

Karakana ya babu yake Desmond iko kwenye barabara kuu, mwendo mfupi kutoka mjini. Tulimkuta Desmond amechuchumaa kando ya injini ya boti, mikono myeusi kwa grisi. Nilimjua tangu akiwa mdogo, mtoto wa maneno mengi, alikuwa amekonda. Alipoinua macho na kumwona aliye nyuma yangu, alitazama upande kama anatafuta mlango mwingine.

"Bi Marlys. Shikamoo."

Marlys hakusema marahaba. Alimnyooshea simu.

"Huyu kijana. Anaimba kwa sauti ya nani?"

Desmond alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Yangu," alisema.

"Si ya Rory."

"Rory alikataa. Nilimbembeleza, akasema sauti yake ni bawaba isiyotiwa mafuta, wewe imba, mimi nitachora. Kwa hiyo nikaimba aa na oo, tukazikatakata."

"Kofia ni yake."

"Kofia ni yake. Ngazi ni yake, kochi, taa, ile ngoma ameipiga yeye kwenye tanuri kwa kijiko. Kila kitu ni chake, Bi Marlys. Sauti tu ndiyo…"

Marlys alikaa kwenye tairi lililokuwa limelazwa pale sakafuni.

"Kwa hiyo majira yote ya baridi," alisema, "nimekuwa nikikuomba msamaha wewe."

Desmond hakuelewa, na mimi sikumweleza. Alitazama viatu vyake. Huko nyuma babu yake alizima redio.

"Na lile dude la ngazini?"

"Bi Marlys…"

"Nimelisikia. Nimelisikia mbele ya watu. Nauliza kwa nini."

"Tulitaka sauti kubwa. Tulijaribu yangu, tukajaribu ya babu, tukajaribu ya mbwa. Halafu siku moja tuko chini, ukaita chakula, tukaruka wote wawili. Rory alicheka hadi akakaa sakafuni. Akasema ndiyo hiyo. Jioni yake akaweka simu ikirekodi, tukakusubiri uite tena." "Ulikuwa utani. Hakuwa na ubaya. Vipande vyote vya dude vimetoka kwenye mwito ule ule."

"Aliniogopa?"

"Hapana! Hapana, mama."

"Alinichora bila macho."

"Kwa sababu ya taa ya jikoni. Ukisimama pale juu, taa iko nyuma yako. Sisi tuko chini, hatuoni uso. Tunaona weusi tu, halafu sauti inakuja."

Marlys alikuwa ameishi kwenye nyumba ile miaka ishirini, na nadhani hakuwahi hata mara moja kusimama chini ya ngazi zile wakati mtu amesimama juu. Aliinua uso, akatazama mlango wa karakana uliokuwa wazi, mwanga wa theluji ukiingia, kana kwamba kuna mtu amesimama pale.

"Kwa hiyo yeye hayumo," alisema. "Nimejisikiliza mwenyewe nikimwita. Miezi yote hii. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiitika."

Matone ya theluji iliyoyeyuka yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye paa. Nilitaka kumshika bega nikaona sijui namna ya kulishika.

Ndipo Desmond alipotoa simu yake. "Ninayo ile ya mwanzo," alisema. "Kabla hatujaikata. Alinitumia ili nitoe vipande. Kama hutaki, basi."

Aliiweka kwenye kiganja chake, katikati yetu. Mwanzoni ulisikika mlio mzito wa tanuri. Kisha hatua za mtu juu ya dari. Mlango ukafunguka kwa mbali. Rory! Chakula kinapoa! Kimya kidogo. Rory! Unanisikia? Halafu kimya kirefu, tanuri linaunguruma, linaunguruma, na mwisho mlio mdogo wa kidole kikigusa simu, ikazimwa.

"Hakujibu," Marlys alisema.

"Alizima kwanza, ndipo akajibu."

"Alisema nini?"

Desmond alifumba macho. Nilimwona akitafuta kwa bidii, nikaona na wakati ambapo aliacha kutafuta. Angeweza kubuni. Kijana mwingine angebuni.

"Labda nakuja. Labda dakika moja. Sikumbuki, Bi Marlys. Nakuapia sikumbuki."

"Pale kwenye kimya. Pale mwisho. Uko wewe?"

"Mimi nilikuwa kwenye kochi. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika simu, amesimama ngazi ya chini kabisa, karibu na sauti yako. Alikuwa amebana pumzi ili isiingie. Ameninyooshea kidole hivi, ninyamaze."

"Kwa hiyo pale ni yeye."

"Pale ni yeye."

"Irudie."

Aliirudia. Marlys aliinama hadi sikio lake likawa karibu ligusane na kiganja kile chenye grisi. Wakati mwito unapita alikunja uso kama mtu anayepigiwa kelele. Kimya kilipofika alifungua macho na hakupepesa.

"Unaweza kuikata," alisema, bado ameinama. "Mlivyozoea. Nikate mimi. Uniachie yeye."

Desmond aliikata pale pale, amekaa sakafuni. Aliondoa hatua, akaondoa mlango, akaondoa Rory ya kwanza na ya pili. Ilipoingia kwenye simu ya Marlys yeye aliiweka sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa mara moja. Akainuka. Mlangoni aligeuka, na nilifikiri angemwambia neno kijana yule, neno lolote, hata la hasira. Alimtazama tu mdomo, kwa muda mrefu, ule mdomo uliokuwa umemwimbia. Kisha tukaondoka.

Mchezo hakuucheza tena. Mikono yake ilirudi kwenye pasti, mapindo yakatoka sawasawa, na Bernadine akajipongeza kwamba amepona. Sikumwambia Bernadine kuhusu karakana. Lakini sauti haikurudi. Aliendelea kugonga vioo vya magari kimoja kimoja hata theluji ilipokwisha.

Tulimzika Rory katikati ya Mei, siku iliyojaa inzi weusi wanaouma, watu wakijipunga kwa karatasi za ibada. Walimtoa kwenye kijumba cha mawe wakamteremsha. Desmond alisimama mbali, kwenye uzio, na babu yake. Mchungaji alimaliza, akatukumbusha kwamba kahawa iko tayari ukumbini, na watu wakaanza kutawanyika kuelekea kwenye magari. Marlys alibaki ukingoni mwa shimo. Alitoa simu mkobani, akaiweka sikioni.

"Anampigia nani sasa?" Mzee Waino alinong'ona.

"Mwache," Bernadine alisema.

Mlio ule wa tanuri, kimya cha Rory, ulikuwa wa sekunde chache tu. Kila ulipokwisha aliushusha mkono, akagusa kioo kwa kidole gumba, akaurudisha sikioni. Wachimbaji walikuwa wawili. Walivua kofia zao, wakaegemea sepeto, wakasubiri amalize kuongea.